Katapila Dogo na Kuku Aliyepotea

Paukwa!

Pakawa!

Hapo kale, wala si kale sana, likizo iliyopita tu, kuku wangu mwekundu alianza vituko. Asubuhi anatoka chini ya ghala, anadonoa mtama harakaharaka, kisha anarudi hukohuko, haonekani tena mpaka kesho. Ghala langu limeinuliwa juu ya nguzo fupi, na uwazi ulio chini yake haufiki kimo cha goti. Humo ndani mchana ni giza, na usiku ni giza zaidi. Nani atambae humo, ilhali mwaka jana tuliua swila palepale?

"Babu," akasema mjukuu wangu wa darasa la sita, "si lazima aingie mtu. Yaingie macho tu."

Mimi ni fundi redio, nimezeeka na bisibisi mkononi. Neno lile lilinikumbusha kisa cha toroli. Mwaka 1972, huko Ireland ya Kaskazini, mabomu yalikuwa yakitegwa ndani ya magari, na askari waliokwenda kuyategua walikufa. Ofisa mmoja wa jeshi la Uingereza, Luteni Kanali Peter Miller, akachukua fremu ya toroli la bustani linalokwenda kwa umeme, akaligeuza chombo cha kukaribia gari lenye bomu huku mwendeshaji akiwa mbali. Baadaye vyombo vya aina hiyo vilifungwa minyororo kama ya katapila, vikapewa na kamera. Jina la toroli halikubadilika. Kwa hiyo mtu akikucheka kwamba unaokota takataka, mwambie kuna toroli la bustani lililookoa roho za watu.

Basi tukaanza kuokota. Kipande cha plaiwudi kikawa mwili. Ndala zilizokatika tukazichonga magurudumu manne, mawili kila upande. Mpira wa ndani wa baiskeli tukaukata mikanda miwili, tukaipachika vijiti vya kukwaruza ardhi.

"Lakini babu, magurudumu pekee hayatoshi?"

Twende kwenye hesabu. Kigari chetu kina uzito wa kilo 1. Kikisimama juu ya magurudumu manne, kila moja likigusa ardhi kwa sentimita 2 za mraba, kilo nzima inakaa juu ya sentimita 8 tu. Ni gramu 125 kwa kila sentimita, na vumbi la chini ya ghala ni laini kama unga. Sasa vaa mikanda. Kila mmoja unagusa ardhi kwa urefu wa sentimita 15 na upana wa 4. Miwili inakupa sentimita 120 za mraba, na mzigo unashuka hadi gramu 8 hivi kwa kila sentimita. Ndiyo maana katapila la tani nyingi linapita kwenye tope ambalo lori dogo linazama. Tahadhari yake ni moja: mkanda ukilegea, huchomoka kwenye kona, ukikazwa mno, mota inalemewa.

Usukani je? Hakuna. Umewahi kupiga kasia? Ukipiga upande wa kulia tu, mtumbwi unageukia kushoto. Kigari nacho ni hivyohivyo. Mota mbili zenye gia, moja kila upande. Zikienda mbele pamoja, kinanyooka. Ukizungusha ya kulia peke yake, kinageukia kushoto. Moja ikienda mbele na nyingine nyuma, kinazunguka papo hapo kama pia.

Macho na ubongo tulivipata kwa pamoja kwenye bodi ndogo iitwayo ESP32-CAM, yenye kamera na taa yake nyeupe. Bodi hiyo inatengeneza waifai yake yenyewe, simu inajiunga nayo, na picha zinakuja bila bando hata la shilingi moja. Lakini bodi ni karani: inaandika amri, haibebi magunia. Ukiiunga na mota moja kwa moja, unaiunguza. Katikati tukaweka saketi ya kuendeshea mota. Huyo ndiye hamali.

Tukawasha. Picha ikaja! Tukabonyeza mbele, picha ikakatika. Tukawasha tena, ikakatika tena. Mjukuu wangu akanuna. Nikamwambia, usinune, uliza. Mota inapoanza kuzunguka hunywa umeme kwa pupa, volti zinashuka, na bodi inazimia na kuanza upya. Tukawatenga: bodi ikapewa pawabenki yake, mota zikapewa betri mbili za lithiamu zilizofuatana, kila moja volti 3.7, jumla 7.4. Waya za hasi za pande zote mbili tukaziunganisha, kwani bila hivyo hamali hamwelewi karani. Na betri za lithiamu si za kuchezea, wajukuu. Zikigusana ncha zinawaka moto, zikivimba zimekwisha. Mtu mzima awepo, na chaja iwe ya kwake.

Safari ya kwanza ilikuwa ya aibu. Mjukuu alikaa barazani na simu, akaona nguzo iko mbali bado, akaendelea. Pu! Kigari kimeparamia nguzo.

"Ilikuwa mbali, babu! Nimeiona kwa macho yangu!"

Ulichokiona ni kilichopita, nikamwambia. Kamera inapiga picha, bodi inaikunja iwe ndogo, inairusha, simu inaikunjua. Kazi hiyo ikichukua nusu sekunde, na kigari kikienda sentimita 40 kwa sekunde, basi nguzo iko karibu zaidi kwa sentimita 20 kuliko unavyoiona.

Nao wakubwa wameyaonja hayo. Tarehe 17 Novemba 1970, Wasovieti walifikisha mwezini gari la magurudumu manane, Lunokhod 1, likiendeshwa na watu waliokaa huku duniani. Mwezi uko umbali wa kilomita 384,000 hivi. Hata mwanga unachukua zaidi ya sekunde moja kufika, na nyingine kurudi. Tena wao hawakuwa na picha inayotiririka, bali picha moja moja, kwa sekunde kadhaa kila moja. Hata hivyo walilitembeza zaidi ya kilomita 10. Waliwezaje? Mwenda pole hajikwai. Sogea kidogo, simama, subiri picha, kisha amua.

Tukaandika kanuni hiyo ubavuni mwa kigari: SOGEA, SIMAMA, TAZAMA. Nikaongeza ya pili kwa mdomo: macho hayana pazia, kwa hiyo chombo hiki hakivuki ua wa jirani.

Safari ya pili ikaanza. Sogea, simama. Nguzo. Sogea, simama. Gunzi la mahindi, kandambili yangu iliyopotea tangu masika. Sogea, simama. Taa ikaangukia kitu chekundu pembeni kabisa. Alikuwa kuku, amejikunyata juu ya majani makavu, na chini ya bawa lake yai likachungulia.

Tukanyamaza wote. Kwenye kioo cha simu kuku ametulia, jicho moja limetukodolea.

Tok!

Sauti ilitoka chini ya ghala, tukaisikia kwa masikio yetu wenyewe. Lakini kwenye simu kuku bado ametulia tu. Kisha, polepole kama mgeni aliyechelewa karamu, shingo ikanyooka, mdomo ukaja, ukajaa kioo kizima.

Mjukuu wangu akacheka mpaka simu ikamponyoka.

"Babu! Ametudonoa kabla hajatudonoa!"