Kabla Hujapanda Matatu ya Muhuru Bay: Pesa Yako Ikae Vipi Safarini

Mteja wetu mmoja alitupigia simu jioni akiwa Muhuru Bay, kule Nyatike, ukingoni kabisa mwa kaunti ya Migori. Alikuwa kwenye likizo ya siku tatu. Samaki ameshakaangwa, ameliwa, imebaki mifupa, na sasa anataka kulipa. Pesa iko kwenye simu lakini menyu inakataa kufunguka. Ilibidi aazime simu ya mama mwenye kibanda ili atupate, na kwa jinsi tulivyomsikia nyuma, huyo mama alikuwa anacheka tu.

Shida haikuwa kubwa. Mpaka wa Tanzania uko karibu sana hapo, na simu yake ilikuwa imeshika mnara wa upande wa pili. Simu nyingi hujichagulia mtandao zenyewe. Tulimwelekeza aingie kwenye mipangilio, sehemu ya mitandao, azime ule uchaguzi wa moja kwa moja, kisha auchague mtandao wake wa Kenya kwa mkono. Dakika chache baadaye mama alikuwa amelipwa. Halafu mteja akatuuliza: mbona hamkuniambia haya kabla sijatoka nyumbani? Ni swali la haki, na ndiyo sababu tunaandika.

Tuanze na kwa nini uende, maana Wakenya wengi tukisikia likizo tunafikiria Mombasa. Pwani jua huchomoza kutoka baharini. Muhuru Bay linazama ndani ya ziwa, na hakuna anayekulipisha kulitazama. Ukishakula, unakaa tu. Giza likiingia, kama hakuna mbalamwezi, utaona taa zikiwaka mbali majini, moja moja, mpaka ziwa lionekane kama mji. Hao ni wavuvi wa omena. Mwangaza huwavuta samaki wale wadogo, na wavu hufanya kazi iliyobaki. Ng'ambo ya mpaka samaki huyo huyo anaitwa dagaa, na Uganda ni mukene.

Asubuhi mashua zikirudi ndipo ufuo huchangamka. Omena humwagwa, hupimwa, hutandazwa juu ya nyavu kukauka. Na hapa kuna jambo la pesa ambalo mgeni hulijua akiwa amechelewa. Wafanyabiashara wengi huja kununua wakiwa na pesa kwenye simu, nao wanahitaji keshi ya kuwalipa wavuvi. Kwa hiyo wote wanamwendea wakala saa ile ile. Wakala akikupa keshi, wewe unampa floti, na keshi yake inapungua. Ukifika wa ishirini na kutaka elfu tano, huenda akakwambia hana, na si kwamba amekataa kukuhudumia. Baadaye, wavuvi wenyewe wakianza kuweka pesa zao, keshi inarudi. Ndiyo maana ushauri wetu ni huu: toa kiasi cha nauli na matumizi madogo ukiwa Migori mjini, kwa mara moja. Ukitoa mia tano mara nne, unalipa ada mara nne. Iliyobaki iache kwenye simu, ulipie palipo na namba ya till.

Ukilipa, soma jina linalotokea kabla hujaweka PIN. Kwenye kelele za ufuo ni rahisi kukosea tarakimu moja. Ukikosea, usimfokee aliyepokea wala usingoje ufike nyumbani. Tupigie hapo hapo, pesa ikiwa bado haijatolewa.

Tena usafiri na chaji. Pauabanki ndogo ina maana kuliko jozi ya pili ya viatu.

Wengine watakuuliza kama utaenda Migingo. Kisiwa chenyewe ni mwamba wa kama nusu ekari uliojaa mabati, na mzozo wake kati ya Kenya na Uganda ulivuma sana 2009. Si mahali pa kwenda kutalii kiholela. Lakini kuzunguka kidogo na mashua karibu na ufuo, mkiwa mmevaa makoti ya kuokolea, ni raha tupu. Elewaneni bei kabla ya kupanda, na umwambie mtu wa nyumbani kwamba utakuwa nje ya mtandao kwa saa kadhaa. Hili tunalisisitiza kwa sababu matapeli wanapenda simu isiyopatikana. Mtu humpigia mama yako na kusema umepata ajali, zitumwe elfu kumi upesi kwa namba hii. Mama akikupigia hakupati, moyo unaruka, anatuma. Akijua uko majini hadi saa tisa, atangoja saa tisa.

Kurudi si lazima upite njia uliyokuja nayo. Katika kaunti hiyo hiyo ya Migori kuna Thimlich Ohinga, kuta za mawe zilizopangwa bila saruji wala udongo wa kushikanisha, ambazo UNESCO iliziingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2018. Ukifuata ziwa kupitia Sori unaingia Homa Bay, na Mbita kuna daraja la kukuvusha hadi Rusinga, alikozikwa Tom Mboya baada ya kuuawa Julai 1969. Viingilio vya maeneo ya serikali siku hizi hulipwa kupitia eCitizen, kwa hiyo lipia ukiwa mahali penye mtandao mzuri na utunze ujumbe wa malipo. Anayekwambia umpe keshi bila risiti, mwambie erokamano, kisha uendelee na safari yako.

Kama unataka kubeba omena za nyumbani, angalia kalenda. Kwa kawaida uvuvi wake hufungwa kuanzia Aprili hadi Julai ili samaki wazaane. Yule mteja wetu alirudi na gorogoro mbili. Alilipia kwa till, na safari hii hakutupigia.