Kuku wa jana ana chumvi yake, usimwongezee

Kuku wa sikukuu akibaki, nyumba nyingi za Handeni na Korogwe zinamfanyia jambo lilelile. Asubuhi anarudishwa jikoni, anakatiwa nyanya na kitunguu, anaongezwa maji, halafu anatiwa chumvi tena ili ladha irudi. Kama nyumbani kuna mwenye presha, chumvi hiyo ya pili ndiyo ya kuangaliwa.

Jana kuku huyo alilowekwa kwa limau na chumvi, akachemshwa na kidonge cha supu, pengine akanyunyiziwa tena baada ya kukaangwa. Aliyenunuliwa stendi ya Korogwe kwa ajili ya safari ndiyo kabisa, maana mlaji hajui alitiwa kiasi gani.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Hicho ni kijiko kimoja cha chai, tena kisichojaa kilima, na kinahesabu kila kitu kuanzia maandazi ya asubuhi hadi mchuzi wa usiku. Mtoto anahitaji pungufu ya hapo. Chumvi ikizidi, mwili hushikilia maji na damu hukandamiza mishipa kwa nguvu zaidi. Hali hiyo ikidumu miaka, moyo, figo na ubongo huumia.

Suala hili si geni Handeni. Wilaya hiyo, pamoja na Dar es Salaam na Monduli, ni kati ya maeneo ambako watafiti wa Tanzania na Japan walipima presha za watu wa makamo mwaka 1987 na tena mwaka 1998.

Kiswahili humsifu mzee kuwa amekula chumvi nyingi, lakini akifika kliniki ya presha anaambiwa aipunguze. Nyumbani bibi huanza kupikiwa sufuria yake. Mkaa ukipanda bei, sufuria ya pili inasahaulika na bibi anarudi kwenye mchuzi wa wote. Ni nafuu kupika sufuria moja isiyo na chumvi nyingi, na watoto wakaizoea mapema.

Kwa watu sita, andaa vikombe viwili vya kuku wa jana. Ondoa ngozi na ukoko wa viungo, kwa kuwa chumvi nyingi imekaa hapo, kisha chambua nyama. Mchuzi wa jana usiutumie. Chemsha kilo moja ya viazi bila chumvi mpaka vikaribie kuiva, uvikate vipande vya duara.

Kaanga vitunguu viwili kwa mafuta kidogo, tia punje nne za kitunguu saumu, tangawizi, pilipili manga, nyanya tatu na karoti mbili. Panga viazi, kuku na rojo hilo kwa tabaka ndani ya sufuria. Mwagia kikombe kimoja cha tui jepesi, funika, weka moto mdogo chini na makaa machache juu ya mfuniko. Baada ya dakika 20 hadi 30 tui litakuwa limekauka na juu pameiva vizuri. Ukiepua, kamulia limau. Ukali wake ndio unaofanya ulimi usiitafute chumvi.

Wapo wanaosema kiazi hunyonya chumvi. Ni kweli hunyonya, lakini kiazi chenyewe kinaliwa, kwa hiyo chumvi haijakwenda popote. Angalia pia magadi ya kwenye mlenda au maharage. Yana sodiamu, ileile iliyomo kwenye chumvi na inayopandisha presha. Chumvi kidogo inayobaki jikoni iwe yenye madini joto.

Kuku aliyebaki aingie kwenye friji ndani ya saa mbili, hata kama ni friji la jirani. Aliyelala mezani usiku kucha asipikwe, kwani baadhi ya sumu za bakteria haziondoki kwa kuchemsha. Akipashwa, afuke moshi mpaka katikati, na apashwe mara moja tu.

Wiki ya kwanza watoto watalalamika kwamba chakula kimepooza. Wapewe pilipili au limau pembeni, kopo la chumvi libaki jikoni. Ulimi huchukua wiki kadhaa kuzoea. Mwenye presha aendelee na dawa zake kama alivyoelekezwa, hata kipimo kikianza kushuka, na mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kabla ya kununua chumvi mbadala, kwani nyingi zina potasiamu.