Ulinzi Usiokoma wa Love Canal

Katika mji wa Niagara Falls, jimbo la New York nchini Marekani, si mbali na yale maporomoko ya maji ambayo wageni huyasafiria kutoka pande zote za dunia, pana uwanja mpana wa majani uliozungushiwa ua wa waya, na mpita njia asiyeijua kadhia yake huudhania konde lililosahauliwa, ilhali ardhi ile hulindwa usiku na mchana kwa hadhari kubwa. Chini yake zimelala takriban tani 20,000 za taka za kemikali.

Asili yake ni handaki lililoanza kuchimbwa miaka ya 1890 na William Love, aliyetamani kuvuta maji ya mto ili azalishe umeme, asijaaliwe kulimaliza. Tangu 1942 hadi 1953 kampuni ya Hooker ikazika humo mapipa ya taka zake, ikayafunika kwa udongo wa mfinyanzi, kisha ikaiuzia ardhi hiyo bodi ya shule za mji kwa dola 1 tu, na hati ya mauzo ikataja waziwazi kwamba pamezikwa kemikali. Bei hiyo peke yake ingalitosha kumshtua mnunuzi! Shule ikajengwa, nyumba zikafuata, na habari za mapipa zikabaki katika makaratasi.

Mvua na theluji za miaka ya 1970 zilipolijaza handaki likafurika kama bakuli, mapipa yaliyoliwa na kutu yakaibuka, na majimaji meusi yenye harufu kali yakapenya kuta za vyumba vya chini ya nyumba, mahali watu walipoweka akiba zao. Bibi Lois Gibbs, ambaye mwanawe alisoma katika shule ile, akapita mlango kwa mlango akiwakusanya majirani, hata Agosti 1978 Rais Jimmy Carter akatangaza hali ya hatari, mamia ya familia wakahamishwa, na Desemba 1980 ikapitishwa sheria ya kumbebesha mchafuzi gharama za kusafisha.

Lakini kusafisha huku si kuondoa. Taka zile hazikufukuliwa. Zilifungwa pale pale. Juu yake kumetandazwa kifuniko cha udongo wa mfinyanzi na plastiki, chenye eneo la ekari 40, ili mvua isipenye. Pembezoni ikachimbwa mitaro ya kupokea maji yanayovuja, yakapelekwa katika mtambo uliopo hapo hapo na kupitishwa ndani ya makaa maalumu, ambayo vitundu vyake visivyoonekana kwa macho hunasa sumu, na makaa yakishashiba hubadilishwa. Aidha, kuzunguka uwanja vipo visima vyembamba vya uchunguzi, ambamo mafundi huchota maji ya kupima, kwa maana kisima kilichokuwa safi jana kikitoa sumu leo, sumu imepata njia ya kutokea.

Mwaka 2004 mahali hapo pakaondolewa katika orodha ya taifa ya ardhi zilizochafuka mno, na wako waliodhani mambo yamekwisha. La hasha: madhali sumu ingalimo, sheria inataka kazi yote ikaguliwe upya kila baada ya miaka mitano. Nami naona sharti hilo lina thamani kuliko kifuniko chenyewe, kwani hapo kale kifuniko kilikuwepo, na hati ilikuwepo, ila hakuwepo mtu wa kurudi kutazama. Pampu za Love Canal zingali zikivuta maji hadi hivi leo.