Kiasi cha Mswada, Kiasi cha Maoni

Vikundi vya waandishi wanaosomeana miswada, kuanzia Tegeta hadi Mbagala, haviuliwi na ukali wa maoni. Vinauliwa na mzigo wa kusoma. Tangu Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ianze kutolewa mwaka 2023, wengi hujiunga wakiwa na riwaya nzima mkononi na tarehe ya kuwasilisha imewakaribia. Kila mmoja anataka riwaya yake isomwe yote, tena wiki hii hii.

Tupige hesabu. Watu 8, kila mmoja analeta maneno 3,000 kwa kikao kimoja. Ukitoa ya kwako, unabaki na maneno 21,000 ya wenzako. Tuseme anayesoma kwa makini, kalamu mkononi, anakwenda maneno 100 kwa dakika: hizo ni saa tatu na nusu za kusoma tu. Mtu anayetoka kazini Kariakoo na kufika Chamazi saa mbili usiku hana muda huo. Atapitisha macho, kikaoni atasema "hongera, kazi nzuri", na mwandishi ataondoka mikono mitupu.

Sasa wapangieni zamu wawili tu kwa kila kikao, maneno yasiyozidi 2,500 kila mmoja, mkikutana kila baada ya wiki mbili. Mzigo unashuka hadi maneno 5,000, chini ya saa moja. Zamu yako itarudi baada ya wiki 8, na hapo ndipo wengi hulalamika. Mimi naiona subira hiyo ni ya haki, maana sura iliyosomwa vizuri huhitaji majuma kadhaa ya kuandikwa upya. Mwenye riwaya aambatishe muhtasari wa nusu ukurasa wa yaliyotangulia. Asiyetuma kazi siku tano kabla, zamu yake ipite, hata kama ni mwenyekiti.

Washairi wapimwe kwa beti. Tarbia ya beti 10, kila mshororo mizani 16, ina mizani 640, na msomaji wa kweli huzihesabu na kusikiliza vina kabla hajagusa maudhui. Hiyo inatosha kabisa kwa kikao.

Maoni nayo yanahitaji utaratibu, na kwetu kikwazo kikubwa ni heshima. Kijana aliyemwamkia mzee shikamoo mlangoni hawezi, nusu saa baadaye, kumwambia kwamba sura yake ya pili imelala. Mzee naye akitangulia kusema, waliobaki wote watamfuata. Dawa ninayoiamini ni wadogo kuanza, tena wasome walichokwisha kukiandika nyumbani, walipokuwa peke yao na mswada. Kila msomaji alete mambo matatu tu, akianza na lililo zito. "Ukurasa wa tatu sikujua tena nani anaongea" humsaidia mwandishi. "Haijanivutia" haimpi pa kushika. Nukta na tahajia zingoje mpaka kisa kisimame.

Mwandishi mwenyewe anyamaze hadi wote wamalize. Desturi hii ilijengeka Marekani katika mikutano ya waandishi ya Milford, iliyoanzishwa na mwandishi Damon Knight na wenzake mwaka 1956, na sababu yake ni nzuri: kitabu kikishauzwa, mwandishi hatakuwepo kumweleza msomaji alichokusudia. Akimaliza kusikiliza, ana haki ya kuuliza, kisha kuyachuja maoni nyumbani kwake. Halazimiki kutii hata moja.

Kwa anayedhani utaratibu wa namna hii ni wa wageni tu, atazame Kampala. FEMRITE, chama cha waandishi wanawake kilichozinduliwa mwaka 1996, kilijiwekea kikao cha kusomeana kazi kila Jumatatu. Miongoni mwa wanachama wake ni Monica Arac de Nyeko, mshindi wa Tuzo ya Caine mwaka 2007. Jumatatu zile hazikusubiri mtu apate nafasi.

Tukirudi kwenye zamu zenu, mwanachama mpya asome kazi za wenzake kwa vikao viwili kwanza, ndipo apangiwe zamu.