MWANGA UNAOPATA NGUVU MPYA NDANI YA KIOO



Ndugu wanafunzi na wazazi, sote tumesikia habari za Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, unaofika Mbeya na kuendelea hadi mipakani Tunduma na Kasumulu. Ndani ya mkongo huo hamna shaba. Mna nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, na sauti na picha zetu hupita humo kwa njia ya mwanga.

Lakini mwanga huchoka. Hata katika kioo safi sana, baada ya kilomita 50 hivi hubaki sehemu moja tu ya kumi. Baada ya kilomita 100 hubaki sehemu moja ya mia. Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Je, unafikaje?

Zamani mwanga uliochoka ulipokelewa na mtambo, ukageuzwa umeme, kisha ukageuzwa tena mwanga. Mitambo hiyo ilikuwa ghali na ilibana mawasiliano. Mwaka 1987, David Payne na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, walionyesha njia nyepesi zaidi: kutia ndani ya uzi wa kioo chembe kidogo za erbiamu, mojawapo ya elementi 17 ziitwazo madini adimu.

Inavyofanya kazi

Kwanza, leza ndogo humulika erbiamu kwa mwanga wa nanomita 980. Atomu zake hunywa mwanga huo na kuhifadhi nguvu kwa muda mfupi, kama sehemu moja ya mia ya sekunde. Ndipo mwanga dhaifu wenye ujumbe, wa nanomita 1550 hivi, unapopita. Unapozigusa atomu hizo, kila moja hutoa mwanga unaofanana kabisa na ule uliopita. Mmoja huwa wawili, wawili huwa wanne, na ujumbe haubadiliki. Jambo hili Albert Einstein alilieleza mwaka 1917, miaka 70 kabla.

Mikongo ya baharini pia hutumia erbiamu, ukiwemo SEACOM uliofika Dar es Salaam mwaka 2009.

Tahadhari: mwanga huu hauonekani kwa macho. Ukikuta uzi umekatika, usichungulie ncha yake. Toa taarifa.

Na sisi je?

Jirani zetu mkoani Songwe wana mlima Ngualla, wenye madini adimu, hasa neodimiamu na praseodimiamu. Serikali ilitoa leseni ya kuyachimba mwaka 2023. Neodimiamu leo hutumika zaidi katika sumaku za mota, lakini ndiyo iliyotiwa katika kioo na Elias Snitzer wa Marekani mwaka 1961, ikatoa leza ya kwanza ya kioo.

Basi wanafunzi, msiikimbie fizikia wala kemia. Mlima tumepewa bila jasho, lakini elimu ya kuyatenganisha madini na kuyatia katika kioo haipatikani bila jasho. Anayeuza udongo na anayeuza kilichotengenezwa kwa udongo huo hawalipwi sawa. Wazazi, mtoto akiuliza kwa nini kioo kinawaka, msimnyamazishe. Mpelekeni kwa mwalimu.