Maneno Yafananayo katika Kiingereza

Vijana wetu wengi hujifunza Kiingereza katika shule za sekondari, baada ya kuzoea Kifaransa. Wale wa Lubumbashi wanayo Zambia jirani, ambako Kiingereza ndiyo lugha ya serikali. Barua ya kuomba kazi au ya biashara yaweza kuharibika kwa neno moja tu. Basi twataka kuwaonyesha mitego miwili.

Mtego wa kwanza ni sikio. Kiswahili huandikwa kama kisemwavyo, Kiingereza sivyo. William Caxton alianza kupiga chapa vitabu huko Westminster mwaka 1476. Tangu hapo maandishi yalizidi kukazwa, lakini matamshi yaliendelea kugeuka. Kwa hiyo “night”, yaani usiku, na “knight”, yaani askari wa zamani mpanda farasi, leo husikika sawasawa, ingawa zamani ile k ya mwanzo ilitamkwa. Tena, katika karne ya 16, wenye elimu waliitia b katika “debt”, yaani deni, ili lifanane na neno la Kilatini debitum. Ulimi haukuifuata b hiyo hata leo.

Mtego wa pili ni Kifaransa. “Librairie” ni duka la vitabu, lakini “library” ya Waingereza ni maktaba. “Actuellement” ni wakati huu wa sasa, lakini “actually” ni kusema kweli. “Assister à” ni kuhudhuria, lakini “assist” ni kusaidia. Anayechanganya maneno hayo ataahidi asilokusudia.

Dawa yake ni nini? Ni kulijua neno pamoja na asili yake. “Stationary”, yaani kisichosogea, na “stationery”, yaani karatasi na vyombo vya kuandikia, hutofautiana kwa herufi moja tu. Yote mawili yatoka katika Kilatini: zamani muuza vitabu mwenye kibanda cha kudumu aliitwa stationarius, maana hakutembeza bidhaa zake kama wachuuzi. Ajuaye hayo hasahau upesi.

Enyi wanafunzi, andikeni maneno hayo mawili mawili katika daftari, na kila neno mlitungie sentensi yake. Nanyi wazazi, hata msiojua Kiingereza, waulizeni watoto maana yake kwa Kiswahili. Asiyeweza kuieleza hajalijua neno. Mwenda pole hajikwai.