Kioo cha Duka na Kingo za Picha

Mwaka 1936, mpiga picha Mmarekani Walker Evans alisimama mbele ya dirisha la studio moja ya picha mjini Savannah, jimbo la Georgia. Nyuma ya kioo, mwenye studio alikuwa amepanga zaidi ya picha 200 ndogo za wateja wake, wazee kwa vijana, wake kwa waume, safu juu ya safu. Juu ya nyuso hizo, kwenye kioo chenyewe, lilipita neno STUDIO kwa herufi kubwa.

Kamera ya Evans ilikuwa ile kubwa ya inchi 8 kwa 10, ambayo ingeweza kunasa jengo zima pamoja na mlango, ukuta na kipande cha barabara. Vyote hivyo aliviacha nje. Alijaza picha kwa kioo hadi kwenye pembe zake nne, kisibaki hata kipande cha fremu ya dirisha. Kwa kuwa mtazamaji haoni dirisha linapoishia, nyuso zile huonekana kama zinaendelea kupita kingo za picha, na tangazo la mfanyabiashara mmoja hugeuka kuwa picha ya mji. Ukuta na kizingiti vingeingia, macho yangeona duka. Vilipotoka, macho yanaona watu.

Kukata picha ni kuamua hayo: nini kibaki ndani ya kingo na nini kitoke. Kwa dirisha la duka uamuzi huo ni mgumu kuliko kwa mlima au mti, kwa sababu dirisha tayari lina kingo zake na tayari limepangwa na mtu mwingine, kwa lengo lake la kuuza. Mpiga picha anayezifuata kingo hizo anaurudia uamuzi wa muuza duka. Anayezivuka au kuingia ndani yake anaanza kusema jambo lake. Juu ya hayo, kioo kina picha mbili kwa wakati mmoja: bidhaa zilizo ndani, na barabara inayoakisiwa kutoka nje. Asiyejua anataka ipi hawezi kukata vizuri, hata akiwa na programu bora kiasi gani.

Mfaransa Eugène Atget alizitaka zote mbili. Kwa takriban miaka 30 alipiga picha za Paris kwa kamera ya mbao yenye mabamba ya kioo ya sentimita 18 kwa 24, akiwauzia wachoraji, mafundi, maktaba na makumbusho. Picha zake alizichapa kwa kuligusisha bamba la kioo na karatasi, hivyo ukubwa wa kioo ndio uliokuwa ukubwa wa picha. Kukata kwake kulifanyika barabarani, kwa kusogeza miguu mitatu ya kamera. Mwaka 1925, katika barabara ya Gobelins, alipiga dirisha la nguo za kiume ambamo masanamu yaliyovalishwa suti yamesimama katikati ya majengo yaliyoakisiwa kutoka ng'ambo ya barabara. Haiwezekani kusema duka linaishia wapi na mji unaanzia wapi.

Picha yake nyingine, ya mwaka 1912 katika barabara ya Strasbourg, ni ya duka la vibana kiuno vya wanawake. Atget hakuishia kwenye dirisha. Aliacha mlango uliofunguliwa na bidhaa iliyotundikwa hapo, ambayo ilitikisika wakati lenzi ikiwa wazi, ikatoka na ukungu huku vingine vyote vikiwa vimetulia. Mhariri wa leo angeweza kuikata sehemu hiyo akidhani ni kasoro. Angekuwa ameondoa kitu pekee katika picha kinachoonyesha kwamba siku ile upepo ulivuma na duka lilikuwa wazi kwa wateja.

Ili kuchagua kati ya ndani na nje, inafaa kujua kioo kinafanya nini. Kila uso wa kioo cha kawaida hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga unaokiangukia moja kwa moja, na kwa kuwa kina nyuso mbili, jumla hukaribia asilimia 8. Kiasi hicho ni kidogo, lakini jua la saa sita mchana nje ni kali mara nyingi zaidi ya taa za ndani ya duka. Asilimia 8 ya mwanga wa barabara inatosha kabisa kuzifunika bidhaa. Jua likishazama, hali hugeuka: taa za ndani hushinda na mwakisi hufifia. Katika ukanda wa Ikweta, kuanzia Nairobi hadi Dar es Salaam, mwanga wa machweo hudumu kama dakika 20 hivi tangu jua kuzama. Huo ndio muda ambao anga na taa za duka hulingana, na bidhaa na barabara huonekana pamoja bila kimoja kukimeza kingine. Anayeutaka muda huo inambidi awe ameshachagua mahali pa kusimama mapema.

Ipo pia filta ya polaraiza, inayozungushwa mbele ya lenzi ili kuuzuia mwanga unaorudishwa na kioo. Wengi huinunua, husimama wima mbele ya dirisha, huizungusha, kisha hukata tamaa. Filta hiyo haina kosa. Kwa kioo, kazi yake hufikia kilele pale lenzi inapokitazama kwa ubavu, ikiwa nyuzi 34 hivi kutoka kwenye uso wa kioo. Mbele kwa mbele haisaidii karibu chochote. Kwa hiyo anayetaka kuua mwakisi kwa filta lazima asimame upande, na akisimama upande dirisha la mstatili linatoka likiwa limebana upande mmoja na kupanuka upande mwingine. Atalinyoosha baadaye kwenye kompyuta, na kulinyoosha huko hula kingo za picha. Fundi anayelijua hilo huacha nafasi ya ziada kuzunguka dirisha, ili kuwe na cha kupoteza.

Anayependa kusimama mbele kwa mbele ana njia rahisi zaidi: kusogeza lenzi hadi karibu iguse kioo na kuizungushia kitambaa cheusi au mpira, ili mwanga wa nyuma yake usifike. Gharama yake ni kwamba kutoka karibu hivyo sehemu ndogo tu ya dirisha ndiyo huonekana. Hapo picha imekwisha kukatwa kabla haijapigwa.

Jambo jingine ambalo wanaoanza hawalitarajii ni umbali wa mwakisi. Kamera ikiwa mita 2 kutoka kwenye kioo na jengo la ng'ambo likiwa mita 15 kutoka kwenye kioo hicho hicho, lenzi huliona jengo kana kwamba liko mita 17. Kitambaa kilicho nusu mita nyuma ya kioo kiko mita 2.5 tu. Tundu la lenzi likifunguliwa sana, kitambaa hutoka kikali na jengo huyeyuka kuwa rangi laini. Likifungwa hadi f/11 au zaidi, vyote viwili huwa vikali na kuanza kugombania macho. Kamera za simu, kwa kuwa kihisi chake ni kidogo, huelekea upande huu wa pili, na ndiyo maana picha nyingi za madirisha zilizopigwa kwa simu huonekana zimejaa vurugu. Vurugu hiyo mara nyingi hupungua kwa mkasi, kwa kuliondoa eneo ambalo mwakisi una mwanga mwingi, kwa kawaida sehemu ya juu inayoakisi anga.

Mkasi wenyewe una mpangilio wake. Kwanza picha hunyooshwa, kwa sababu dirisha lina mistari mingi iliyonyooka na jicho hugundua mara moja mstari ulioinama karibu na ukingo. Kisha huangaliwa kingo nne peke yake, mmoja baada ya mwingine, bila kutazama katikati. Nusu ya kibandiko cha bei, ncha ya kiatu, taa iliyokatwa: vitu hivi havionekani wakati macho yako kwenye bidhaa kuu, lakini huvuta macho ya mtazamaji nje ya picha. Ama viingie vizima, ama vitoke vyote.

Masanamu ya nguo hufuata kanuni ile ile ya picha za watu. Ukingo ukipita kwenye kiwiko, kifundo cha mkono, goti au kifundo cha mguu, kiungo huonekana kimekatwa. Ukipita katikati ya paja au katikati ya mkono wa juu, mtazamaji humalizia mwili mwenyewe bila kushtuka.

Maneno yanahitaji uangalifu kuliko vyote, na mfano mzuri uko Mtaa wa Biashara, Mombasa, mbele ya maduka ya kanga. Kanga ina pindo pande zote nne, mji katikati, na jina, yaani maneno yenyewe, karibu na pindo la chini. Mpiga picha anayevutiwa na rangi hukata ndani ya mji, akapata mchoro mzuri wa maua au korosho. Picha hiyo inaweza kuwa ya kitambaa chochote duniani. Akiliacha jina zima pamoja na kipande cha pindo, hata kama rangi zimepungua nguvu, picha inakuwa ya kanga, na msomaji wa Kiswahili ataisoma kabla hajaitazama. Jina lililokatwa katikati ni baya kuliko jina lisilokuwepo, kwa sababu methali iliyobakizwa nusu huweza kusema kinyume cha ile nzima.

Hesabu ya ukubwa nayo ina sauti. Kamera ya megapikseli 24 hutoa picha ya pikseli 6,000 kwa 4,000. Ikikatwa kuwa mraba, hubaki megapikseli 16. Ikikatwa kuwa wima kwa uwiano wa 4 kwa 5, unaotumika sana kwenye mitandao ya kijamii, hubaki 12.8, karibu nusu imekwenda. Mpiga picha akibakiza nusu ya upana na nusu ya urefu, anapata megapikseli 6, ambazo kwa uchapaji mzuri wa jarida, nukta 300 kwa inchi, zinatoa picha ya sentimita 25 kwa 17. Kwa skrini ya simu hiyo inatosha na kusaza. Kwa bango la ukutani haitoshi.

Kisha kuna watu. Wapita njia walioakisiwa hawajui kwamba wamo, na mpiga picha naye mara nyingi yumo. Mmarekani Lee Friedlander alikiacha kivuli chake na mwakisi wake kwenye vioo vya maduka kwa makusudi, na mwaka 1970 akatoa kitabu kizima cha picha za aina hiyo. Anayeiga uamuzi huo afanye hivyo kwa kutaka. Kiwiko cha mpiga picha kinachojitokeza pembeni bila sababu ni cha kukatwa. Uso wa mtoto anayepita unastahili kuondolewa pia, hata kama umeipendezesha picha.

Kwenye Capital Art Studio, iliyofunguliwa Zanzibar mwaka 1930 na Ranchhod Oza, mgeni hukuta picha za zamani za visiwa hivyo zimeanikwa. Akisogea hadi picha moja ya ukutani ikajaza fremu yake, anakuwa amenakili kazi ya mtu mwingine, na nakala hiyo si yake kuitangaza. Akirudi nyuma hadi vionekane kioo, rafu na mwanga wa mlangoni, pamoja na watu wanaotazama, anakuwa amepiga picha ya mahali. Hatua chache tu zinazitenganisha kazi hizo mbili, na ni heshima pia kumwomba mwenye duka ruhusa kabla ya kuzipiga.

Wapiga picha hawakubaliani ni kiasi gani kinafaa kukatwa. Henri Cartier-Bresson alitaka picha zake zichapwe nzima, ingawa ile maarufu ya mtu anayeruka dimbwi nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare, ya mwaka 1932, ilikatwa kwa sababu aliipiga kupitia uwazi wa uzio. Evans alikuwa tofauti: kwa maonyesho yake ya mwaka 1938 katika Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa, New York, alikata chapa zake bila kusita. Anayekata chapa tu bado ana kitu cha kutegemea, yaani mkanda mzima uliobaki sandukuni.

Kwenye simu, picha nzima ya namna hiyo inaweza kupotea kwa kubonyeza mara moja tu. Baadhi ya programu huandika picha iliyokatwa juu ya ile ya awali, na nakala inayotumwa kwa WhatsApp hubeba kilichobaki tu. Mwenye duka anayepiga dirisha lake kwa ajili ya wateja, na mwanahabari anayepiga mtaa wake, wote wawili wahifadhi faili zima kando, lenye tarehe na jina la mtaa, kisha wakate nakala. Mwaka 1937 Berenice Abbott, mwanamke aliyeiokoa hazina ya Atget mwaka mmoja baada ya kifo chake, alipiga dirisha lililojaa mikate jijini New York na kuipa picha hiyo anwani yake kamili: 259 Bleecker Street. Duka hilo lilifungwa mwaka 2004, lakini anayetaka kujua mikate ilivyopangwa pale, na pale ni wapi, bado anaweza.